Kitenzi cha Kuwiwa

Malindi hata mbuzi huitikia ciao.
Mimi, miaka sita katika nyumba ile ya Kasuarina,
niliijua hali moja tu: kuamuru.
Lava. Stira. Chiudi. Porta qua.
Kiitaliano changu kilikuwa kamba ya kuanikia,
amri zikining'inia, zikidondoka maji,
na mimi chini yake na beseni.

Kisha Mwalimu Katoi, aliyekuwa mpishi wa pizza
hadi oveni ilipomla nyusi,
akafungua darasa nyuma ya mafundi cherehani wa Ngala,
shilingi mia kwa jioni, daftari uje nalo.
Tulikuwa watano: Changawa wa tuktuk,
ndugu wawili wauza vinyago wasiosemezana,
Mwanamkuu wa duka la dawa,
na mimi, mikono inanuka jiki.

Usiku wa kwanza akaandika ubaoni:
io lavo, tu lavi, lei lava.
Nikanyosha mkono. Mwalimu, hiyo ya tatu naijua,
ndilo jina ninaloitwa kila asubuhi.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Amri na habari, akasema, zimevaa kanga moja.
Lava, fua. Lava, yeye anafua.
Utazitofautisha kwa sauti, na kwa aliyesimama mlangoni.
Nikarudi Muyeye kwa miguu nikiitafuna ile o:
lavo, lavo. Nafua. Mimi.

Kwetu nafsi hutangulia, wakati ukafuata,
ni-li, ni-ta, ni-nge,
kama watu kwenye foleni ya maji, kila mmoja na dumu lake.
Wao hufunga kila kitu mkiani.
Sharti usubiri neno liishe ndipo ujue
nani kafanya, lini,
na kama kafanya kweli au alitamani tu.
Changawa akasema: ni abiria
anayekutajia aendako mkishafika.

Wakati ujao niliujua kabla ya kufundishwa.
Ti pagherò, alisema Signora kila mwisho wa mwezi.
Uzito uko kwenye silabi ya mwisho, alieleza Katoi.
Ndio uzito pekee niliopokea tangu Machi.

Signora Ornella alikuwa mwalimu huko Bergamo.
Sasa nyakati zinamtoka moja moja
kama meno ya kitana.
Ulianza ujao. Ukafuata uliopita.
Amebaki katika uliopo, peke yake,
ila kuamuru bado anajua.
Mbeyu, apparecchia per due. Torna Renzo.

Suti aliyozikwa nayo Renzo
niliipiga pasi mimi.

Nilisimama na sahani ya pili mkononi.
Nilikuwa na morì, fupi, kama mlango wa friji.
Nilikuwa na tornava, alikuwa akirudi,
jioni zote zile, mchanga kwenye viatu,
gazeti la juzi kwapani.
Ukurasa mzima nilikuwa nao.
Nikachukua ile ambayo Katoi alituambia tusiiogope,
hali ya shaka na ya dua,
ambayo sisi huifunga kwa e: aje, apone, arudi.

Spero che torni, signora.

Aliniangalia kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.
Brava, akasema. Congiuntivo.
Akala tambi zake zote.
Sahani ya pili niliiosha, safi ilivyokuwa.

Kazi ya nyumbani wiki hii ni dovere.
Katoi anasema kinabeba mizigo miwili,
kupaswa na kuwiwa, wala hakiulizi upi mzito.
Nimeandika kwa biro nyekundu, ya bluu imekauka:
Mi deve quattro mesi. Namwia mishahara minne.
Devo restare. Yanipasa nibaki.
Nimezitazama mpaka mbu wakanizoea.
Io devo. Tu devi. Lei deve.
Tokeni za stima zikaisha
kabla sijafika kwenye noi.